Keekee, Cherehe na Grenda: Historia ya Zana za Ufundi wa Nyumba katika Mbulu na Hanang

Katika kamusi za kale za Kiswahili, kama vile zile za Steere na Madan, huelezwa chombo cha seremala kiitwacho keekee. Chombo hicho kilikuwa na sehemu nne, na kila sehemu ilikuwa na jina lake. Chuma chenye kutoboa kiliitwa keekee. Mti ulioshika chuma hicho uliitwa msukano. Mpini wa juu, ambao msukano ulizunguka ndani yake, uliitwa jivu. Na upinde uliovutwa huku na huku ili kuuzungusha msukano uliitwa uta. Leo mtu akiingia dukani Katesh au katika mji wa Mbulu kununua chombo cha kutobolea ubao au ukuta, aghalabu huuliza drili. Msukano umesahauliwa. Jivu limebaki kuwa jivu la moto tu, na uta umerudi kwa wawindaji. Katika majina manne, keekee peke yake ndiyo iliyosalia, nayo huonekana zaidi katika vitabu vya mafunzo ya ufundi kuliko katika vinywa vya mafundi.

Jambo hili laweza kudhaniwa dogo. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha ni jambo kubwa, kwa kuwa majina ya zana hayafi wala hayazaliwi bila sababu. Zana husafiri pamoja na mtu anayejua kuitumia, naye hufundisha jina lake kwa yule anayejifunza kazi. Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, zafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, maana huko Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote zamani. Kilifika kwa njia nyingi, na mojawapo ya njia hizo, ambayo haijatajwa vya kutosha, ni sanduku la fundi.

Yafaa kwanza kuikumbuka hali ya lugha katika nchi hiyo. Nyanda za juu za Mbulu ni makao ya Wairaqw, ambao katika Kiswahili huitwa pia Wambulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na maelezo ya awali ya sarufi yake yalitolewa na W. H. Whiteley mwaka 1958. Baadaye Maarten Mous alitoa sarufi kamili mwaka 1993. Katika tambarare zinazouzunguka mlima Hanang, ambao kimo chake chapita mita 3,400, wanakaa Wadatoga, hasa wale wa kundi la Wabarabaig, wenye lugha ya Kiniloti. Hao ndio walioitwa Wamang'ati, jina lililotoka kwa Wamasai na maana yake ni maadui. Katika bonde la Yaeda wamo Wahadza, ambao lugha yao haijaonyeshwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Na upande wa kusini na magharibi wako Wanyaturu na Wanyiramba, wasemao lugha za Kibantu. Ni sehemu chache sana za Afrika ambamo lugha zilizo mbali hivyo kwa asili zimekaa jirani. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuuza kisu, kununua jembe au kuajiri mjenzi kwa watu wote hao alihitaji lugha ya kati.

Kabla ya lugha hiyo ya kati kufika, nyumba zilijengwa, tena kwa akili nyingi. Nyumba ya Wairaqw iliyojulikana zaidi kwa wageni ni tembe iliyochimbwa katika mteremko wa kilima. Ukuta wa nyuma ulikuwa udongo wenyewe wa kilima. Nguzo zilisimamishwa mbele na ndani. Juu yake zikalazwa boriti na fito, kisha majani na udongo. Paa lilikuwa sawasawa na ardhi ya juu ya kilima, hata mtu aliyekuja kwa upande wa juu aliweza kulikanyaga kabla hajajua kwamba amefika kwenye nyumba. Sababu yake ilikuwa ni ulinzi dhidi ya wavamizi waliokuja kuteka ng'ombe. Zana za kazi hiyo zilikuwa chache: shoka la kuangushia miti, tezo la kuchongea nguzo, jembe na mti wa kuchimbia. Hapakuwa na msumari hata mmoja, kwa maana viungo vilifungwa kwa kamba za magome. Hapakuwa na kipimo kingine isipokuwa jicho, mkono na hatua. Nguvu iliyozitumia zana hizo ilikuwa ya watu wengi pamoja, kwani majirani waliitwa, pombe ikapikwa, na kazi ambayo mtu mmoja asingeimaliza kwa mwezi ikaisha kwa siku chache. Ikiwa leo swali la kwanza la mjenzi ni chombo gani kitakachopunguza kazi, zamani swali lilikuwa ni jirani gani watakaokuja.

Chuma nacho kilikuwa na wenyewe. Miongoni mwa Wadatoga wako wahunzi waitwao Gidang'odiga, ambao kwa desturi hukaa kama kundi la peke yao, na Wadatoga wengine hawaoani nao. Hao ndio waliofua mikuki, visu na vichwa vya mishale, na kutengeneza bangili za shaba nyeupe na nyekundu. Mviringo wa mivukuto ya ngozi, makaa, nyundo na jiwe la kufulia ulikuwa karakana yao nzima. Wahadza walipata kwao vyuma vya mishale, nao wakatoa asali na nyama. Ni jambo la kushangaza katika historia ya kazi kwamba watu waliohitajiwa na kila mtu walitengwa na wengi. Misumari, makufuli mabovu na bomba kuukuu vilipoanza kupatikana, wahunzi hao waliviyeyusha au kuvifua upya. Hivyo takataka za mji zikawa mali ghafi ya kijiji, na hali hiyo inaendelea hata leo.

Sanduku la seremala wa Pwani lilipofika Bara, lilikuwa tayari limekusanya karne nyingi za safari za baharini. Nyundo ni neno la Kibantu la asili, na lugha nyingi ndugu zina neno la shina hilo hilo. Msumeno pia ni wa nyumbani, na ndani yake meno yanasikika waziwazi. Lakini randa imetoka Uajemi, na patasi ina ndugu yake katika lugha za magharibi ya Uhindi. Parafujo ni kumbukumbu ya Wareno. Cherehe, yaani gurudumu la kunolea, yatoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Na ndugu yake cherehani, ambayo sasa kila mtu huijua kuwa ni mashine ya kushonea, ni wa ukoo huo huo. Msasa kabla ya kuwa karatasi ulikuwa mti ambao majani yake makavu yalisugua mbao zikawa laini. Basi fundi wa Pwani alipofungua sanduku lake, alifungua pia historia ya Bahari ya Hindi.

Neno fundi lenyewe lastahili kutazamwa. Shina lake ni lile la funda, funza, mafundisho na mwanafunzi. Kwa Kiswahili, kabla ya kuwa mtu wa kutengeneza, fundi ni mtu aliyefundwa, na mwisho wake ni kufunda wengine. Maana hii ndiyo ufunguo wa mambo yaliyotokea Mbulu. Wajerumani walipoweka utawala wao huko mwanzoni mwa karne ya 20, walitumia Kiswahili katika kazi za serikali. Waingereza walioitwaa nchi katika vita mwaka 1916 waliendelea vivyo hivyo. Boma, misheni, shule na zahanati zilihitaji milango yenye bawaba, madirisha yenye fremu, meza, madawati na mapaa ya mabati. Vitu hivyo havikujengeka kwa shoka na tezo peke yake. Waliletwa mafundi waliojua Kiswahili, nao wakapewa vijana wa kuwasaidia. Kijana wa Kiiraqw aliyeshika upande wa pili wa ubao hakujifunza randa kwa kuisoma. Aliambiwa alete randa. Alipoleta patasi alikemewa. Na siku ya pili hakukosea tena. Wenye maduka, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walikamilisha somo hilo, maana jina lililosemwa mbele ya meza ya duka ndilo lililoleta bidhaa iliyotakiwa.

Majina hayo yalipoingia katika Kiiraqw hayakuweza kukaa uchi. Kiiraqw hugawa nomino katika jinsi tatu, na kila neno geni lazima lipokelewe katika mojawapo. Kwa hiyo chombo ambacho katika Kiswahili kiko katika ngeli fulani, hupata huko jinsia ambayo hakikuzaliwa nayo. Hapo yaonekana kwamba mwenyeji hakupokea tu, bali alitengeneza neno lipate kukaa katika sarufi yake, kama vile mhunzi alivyotengeneza kisu kutokana na chuma kilichotoka mbali.

Zana iliyoonyesha zaidi uzito wa kazi ya mikono ilikuwa msumeno mrefu wa wapasuaji mbao. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya majukwaa ya miti. Mtu mmoja alisimama juu akiongoza mstari, na mwingine chini akivuta, huku unga wa mbao ukimwingia machoni. Ubao mmoja ulionyooka ulikuwa ushahidi wa mapatano ya watu wawili. Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilichosha na iliwadhuru wengi mgongo na macho, na asiyeifanya asiisifu kupita kiasi. Lakini ilikuwa na kipimo ndani yake, kwa kuwa msitu haukuweza kuliwa upesi kuliko mikono miwili miwili ilivyoweza kukata.

Wakati huo huo, mbali na Mbulu, mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Mwaka 1889 huko Melbourne, Australia, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya mashine ya kutoboa kwa nguvu za umeme. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza keekee ya umeme ya kushikwa mkononi. Mwaka 1917 kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilipewa hataza ya keekee yenye mshiko kama wa bastola na swichi ya kubonyezwa kwa kidole, na umbo hilo halijabadilika sana mpaka leo. Katika miaka ya 1920 ukatokea msumeno wa mviringo wa kushikwa mkononi, na Andreas Stihl wa Ujerumani akatengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, kisha wa petroli mwaka 1929. Mwaka 1954 kampuni ya Ackermann na Schmitt, pia ya Ujerumani, ilitoa mashine ya kusaga na kukata chuma yenye kichwa kilichopinda. Mwaka 1961 ikaja keekee isiyo na waya, yenye betri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zana hizi ziliacha kuwa za viwanda tu. Mwaka 1946 Black & Decker walianza kuuza keekee za bei nafuu kwa watu wa majumbani, na katika Marekani na Ulaya ikazuka desturi mpya ya mwenye nyumba kuwa fundi wa nyumba yake mwenyewe siku za mapumziko. Desturi hiyo haikuhamia Mbulu kwa sura ile ile, wala haikuwa na haja. Mwiraqw alikuwa daima mjenzi wa nyumba yake. Mashine ilipokuja haikumfanya mwenye nyumba awe fundi. Ilimfanya amwite fundi kwa kazi ambayo zamani aliifanya mwenyewe pamoja na majirani. Hivyo chombo kile kile kilileta matokeo mawili yaliyopingana katika nchi mbili, na historia ya zana isiyoangalia jambo hilo itakuwa historia ya vyuma tu.

Mashine zilifika kabla ya nyaya za umeme. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na iliyofuata, mpango wa maendeleo wa Mbulu ulifyeka vichaka vyenye mbung'o na kufungua ardhi mpya. Wairaqw wakashuka kutoka milimani, na katika tambarare tembe ya kuchimbwa haikuwa na mteremko wa kuegemea. Mwaka 1955 ilifunguliwa hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mahali ambapo palikuwa mbali na kila mji. Hospitali ya namna hiyo ilibidi ijitegemee kwa jenereta, kwa useremala na kwa ufundi wa bomba. Mahali palipokuwa na jenereta palikuwa na fundi wa jenereta, na palipokuwa na fundi palikuwa na vijana wa kumtazama.

Shule kubwa zaidi ya vyuma ilikuwa katika Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima ngano katika mashamba saba makubwa, yapata ekari 100,000 kwa jumla, katika nchi ya Basotu na jirani zake. Trekta na mashine za kuvunia zilihitaji karakana, na karakana ilihitaji watu wa kuchomelea, kukereza, kutoboa na kusaga chuma. Maneno kama spana, bolti, grisi na gereji yalizoeleka katika tambarare ambazo zamani zilijua mivukuto tu.

Lakini mtu hawezi kuieleza karakana hiyo akaacha ardhi iliyokaliwa nayo. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, nayo ilikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw waliipeleka NAFCO mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo maarifa ya mashine katika Hanang yalikuja pamoja na hasara ambayo wenyeji wengi hawakuilipwa. Fundi aliyejifunza kuchomelea katika karakana hiyo hakuwa na lawama, ila wema wa chombo hauwezi kupimwa kwa kazi yake tu bila kuuliza kimesimamishwa juu ya nini.

Umeme wa gridi ulienea vijijini baadaye sana. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Laini kubwa ya kilovolti 220 itokayo Singida kupitia Babati hadi Arusha ilikuwa imepita juu ya nchi hiyo zamani, lakini waya upitao juu ya kijiji si waya uingiao kijijini. Nguzo ndogo zilipoanza kusimama katika vituo vya biashara, mwenye mashine ya kuchomelea hakulazimika tena kununua dizeli kwa kila mlango alioutengeneza. Mahali pasipo nguzo, paneli ya jua ilichaji betri, na betri ikaendesha keekee. Kwa njia hii betri za lithiamu, zilizoanza kutumiwa katika zana za ufundi mwaka 2005, zilimfikia fundi ambaye hajawahi kuwa na soketi ukutani.

Sasa yaweza kurejewa habari ya majina. Kiswahili kilikuwa na utajiri wa kutosha kuzipokea mashine zote hizi bila kuazima. Kilikuwa na keekee kwa kutoboa. Kilikuwa na kitenzi pekecha, cha kuzungusha kijiti mpaka moto utoke, kazi ambayo Wahadza wanaijua vizuri mpaka leo. Kilikuwa na noa na kinoo, na juu ya yote kilikuwa na cherehe, jina hasa la gurudumu linalozunguka na kula chuma. Pamoja na hayo, mashine iliyotengenezwa mwaka 1954 haikuitwa cherehe bali grenda. Kwa nini?

Jibu si kwamba mafundi waliidharau lugha. Wengi wao hawakupata kamwe kulisikia neno cherehe. Mtumiaji wa cherehe alikuwa mnoa visu wa mji wa Pwani, aliyezungusha gurudumu kwa mguu. Mtu huyo hakupanda mpaka Mbulu, na kwa kuwa mwenyewe hakufika, neno lake pia halikufika. Bali grenda ilikuja katika sanduku la karatasi lenye jina la Kiingereza, ikapokelewa na fundi aliyejifunza karakana ambako Kiingereza kilisemwa, naye akamfundisha kijana wake vile alivyofundishwa. Randa, kinyume chake, haikushindwa. Mashine ya umeme ya kulainisha mbao huitwa randa hata leo, kwa sababu seremala aliyeinunua alikuwa tayari na randa ya mkono. Msasa nao umeshinda mara mbili, kwanza ulipohama kutoka kwenye jani kwenda kwenye karatasi, na tena ulipohama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mashine. Kanuni yaonekana wazi: neno huokoka pale ambapo mkono ule ule hushika chombo cha kale na chombo kipya. Mikono ikibadilika, neno hukatika.

Wala Kiswahili hakikushindwa hata pale kilipoazima. Kwa jina la kigeni kiliweka kitenzi chake. Kama vile watu walivyokuwa wakipiga randa na kupiga msasa tangu zamani, sasa hupiga grenda na kupiga drili. Kitenzi piga kimelala katika lugha kama jiriwa juu ya meza ya fundi, hushika kila umbo linaloletwa. Wajerumani, ambao ndio waliotengeneza chombo chenyewe, walifanya jambo la namna hiyo kwa njia nyingine. Jina la biashara la mashine ile, Flex, likawa kitenzi katika lugha yao. Na umeme wenyewe, unaoziendesha zana zote hizi, haukuazimwa popote. Ni ule ule wa radi, uliomulika vilele vya Hanang kabla ya mtu yeyote kufikiri kuutia katika waya.

Fundisho kwa watungaji wa istilahi liko hapa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kazi ya kusanifu maneno ya ufundi imeendelea tangu hapo, ikisaidiwa na taasisi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Keekee ya umeme ni istilahi njema, na mtu hana sababu ya kuikataa. Lakini istilahi iliyoandikwa katika orodha bila kupelekwa kwa mtu anayefundisha mkono wa kijana itabaki katika orodha. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, la mwaka 1973, yana nafasi ambayo kamusi haina: mwalimu wao husimama na chombo mkononi wakati anapolitaja jina. Neno lililosemwa saa hiyo laweza kuishi miaka mia.

Na si majina peke yake yaliyo katika hatari. Diski ndogo ya grenda, yenye kipenyo cha milimita 115, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ikipasuka, kipande chake chaweza kupofua jicho kabla ya jicho kufumba. Maonyo juu ya jambo hili huandikwa katika vijitabu vya lugha za kigeni vinavyowekwa ndani ya sanduku, na fundi asiyezisoma hulipa kwa mwili wake. Keekee ya uta haikuhitaji kijitabu. Ilikwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu ya mkono, na mkono uliposita chuma nacho kilisita. Mashine haisiti. Kwa hiyo lugha ya zana, yaani kinga, swichi, waya wa ardhi, miwani na jina la kila sehemu, ni sehemu ya usalama wa mtu. Zamani fundi alikuwa na majina manne kwa chombo kimoja cha mti na kamba. Si haki kwamba leo awe na jina moja tu kwa chombo chenye uwezo wa kumwua.

Mabadiliko mengine ni ya heshima. Katika vituo vya biashara vya wilaya hizi, mageti na madirisha ya chuma hutengenezwa kando ya barabara na vijana wa kila kabila. Kwa kazi yao wao ni wahunzi, ingawa hakuna awaitaye hivyo, na hawatengwi kwa sababu ya chuma. Jina fundi limewafunika na fedheha ambayo Gidang'odiga waliibeba. Hapo jina jipya limetenda wema ambao pengine haukukusudiwa na mtu. Upande mwingine, msumeno wa mnyororo umeondoa kile kipimo cha mikono miwili. Gogo lililowachukua wapasuaji siku kadhaa laweza sasa kukatwa vipande kwa saa chache, na misitu ya hifadhi ya Nou na Hanang, iliyo vyanzo vya maji ya nchi yote, haina ulinzi tena katika uchovu wa mkataji. Ulinzi wake sasa ni sheria na dhamiri tu.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba zilizobebwa zilikuwa za kila namna, za udongo, za matofali na za mabati. Katika siku zilizofuata watu walichimba kwa majembe, kwa koleo, kwa mashine kubwa na kwa mikono mitupu. Baadaye, kule Waret, zikajengwa nyumba mpya kwa ajili ya waliopoteza makao. Katika siku za namna hiyo tofauti baina ya zana ya kale na zana mpya huonekana ndogo, maana kila chenye kukata, kuinua au kutoboa kinatakiwa, na kila anayejua kukitumia anaitwa kwa jina lile lile, fundi.

Kwa hiyo historia ya zana katika Mbulu na Hanang haikuanza na umeme, wala haitakwisha nao. Imeanza na majirani walioitana kusimamisha nguzo, ikapitia kwa mhunzi aliyetengwa, kwa kijana aliyebeba sanduku la fundi wa Kiswahili, kwa karakana ya ngano na kwa betri iliyochajiwa na jua. Katika kila hatua yuko mtu mmoja aliyeshika chombo na mwingine aliyetazama. Neno hupita baina ya wawili hao. Wakikosa kukutana, uta huachwa pembeni, msukano hutupwa motoni, na jivu la keekee halitofautiki tena na jivu la jikoni.